KWA NINI MTU HUMSAIDIA MWENZAKE?

Hotuba ya Mlezi wa Kikundi, mwalimu mstaafu, iliyotolewa katika sherehe za kutimiza miaka kumi mbele ya wanachama, wageni waalikwa na wapenzi wa kikundi

Ndugu Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu, Mama Mwenyekiti pamoja na Kamati yako, wanachama wote, viongozi wetu wa dini, akina baba mliowasindikiza wake zenu, ndugu wananchi:

Hamjambo nyote? (Hatujambo!) Wanachama, sauti hiyo ni ya watu wenye sanduku la kufuli tatu au ya watu wenye njaa? (Kicheko, vigelegele)

Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Wengi mlioko hapa niliwafundisha darasa la tatu, na leo mnaniita mlezi wenu. Nalipokea jina hilo kwa furaha, ijapokuwa kulea watu wenye wajukuu ni kazi. (Kicheko)

Bi Katibu aliponiletea barua ya mwaliko aliniambia, "Mwalimu, hotuba za pongezi tunazo tele. Wewe tueleze jambo moja: kwa nini mtu humsaidia mwenzake, na kwa nini pengine anamwacha hivi hivi." Nikamwuliza, kulikoni? Ndipo akanieleza kuhusu hoja mbili zitakazofika mbele ya Mkutano Mkuu mwezi ujao. Hoja ya kwanza inataka Mfuko wa Jamii uunganishwe na fedha za mikopo, kwa maelezo kwamba fedha ile imelala bure wakati wanachama wanahitaji mitaji. Hoja ya pili inataka kila mwanachama asiyefika msibani au kumwona mgonjwa atozwe faini ya shilingi 5,000.

Mimi sina kura. Kura ni yenu. Lakini nimesoma kidogo, na wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Waliyoyaona yanaingia moja kwa moja katika hoja zenu mbili. Naomba mnisikilize, halafu mwezi ujao mkaamue wenyewe.

DAMU NZITO KULIKO MAJI

Tuanze na lililo wazi. Mtu humsaidia ndugu yake. Mama ataacha kula mtoto ale. Hili hata kuku analijua. Kamwendee kifaranga chake uone. (Kicheko)

Mwaka 1964 mwanabiolojia mmoja wa Uingereza, W. D. Hamilton, aliliandika jambo hili kwa hesabu. Alisema kiumbe kinachomsaidia jamaa yake wa damu kwa kweli kinaisaidia sehemu ya damu yake chenyewe iliyomo ndani ya yule jamaa. Kadiri undugu unavyokuwa wa karibu, ndivyo mtu anavyokuwa tayari kujitoa zaidi. Inasimuliwa kuwa kabla yake mtaalamu mwingine, J. B. S. Haldane, aliwahi kusema kwa utani kwamba yu tayari kujitosa mtoni afe kwa ajili ya ndugu zake wawili wa tumbo moja, au binamu wanane. Binamu mmoja, basi, azame tu. (Kicheko)

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini haituelezi sisi. Tazameni mlivyokaa hapa. Kuna Wabondei, Wasambaa, Wadigo, Wazigua, Wapare, na wengine waliokuja kufuata soko la machungwa wakaolewa papa hapa. Kikundi hiki hakikuanzishwa na watu wa ukoo mmoja. Kama damu ingekuwa ndiyo sababu pekee ya kusaidiana, sanduku lenu lisingefika hata mwaka wa pili.

NIPE NIKUPE

Sababu ya pili sote tunaijua, maana tumekulia ndani ya upatu. Leo nakupa wewe, kesho unanipa mimi. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers alieleza kwamba viumbe wasio na undugu wowote wanaweza kusaidiana ikiwa wanakutana mara kwa mara, wanatambuana, na wanakumbuka nani alitoa na nani alikwepa.

Ushahidi maarufu wa jambo hili ni wa popo. Msicheke, ni popo kweli! Huko Amerika ya Kati na Kusini kuna popo wanaoishi kwa kunywa damu ya ng'ombe na farasi. Popo yule akikosa chakula usiku mbili au tatu mfululizo, anakufa. Mtaalamu Gerald Wilkinson aliwachunguza popo hao nchini Costa Rica, akachapisha habari zao mwaka 1984. Aliona kwamba aliyerudi na tumbo tupu hutapikiwa damu kidogo na mwenzake aliyeshiba. Wanaopeana si ndugu peke yao. Hata waliozoea kulala pamoja katika mti mmoja hupeana. Kwa aliyeshiba ile damu ni kidogo, kwa mwenye njaa ni uhai.

Sasa angalieni kikundi chenu. Kila wiki mnakutana, siku ile ile na mahali pale pale. Kila mtu anajulikana kwa jina na namba. Kila hisa inagongwa muhuri kitabuni mbele ya macho ya wote, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Hayo ndiyo masharti matatu ya Trivers: kukutana, kutambuana, kukumbuka. Mliyaweka bila kumsoma Trivers, kwa sababu mama zenu waliyajua tangu enzi za upatu na msaragambo. (Makofi)

Kwa hiyo asije mtu akawadharau kwamba ninyi mnasaidiana kwa sababu kila mmoja anategemea zamu yake. Ni kweli mnategemea, na si aibu. Nipe nikupe imejenga nyumba nyingi za bati katika kata hii.

HURUMA

Lakini hapo napo pana upungufu. Nipe nikupe haielezi kwa nini mtu anampa yule asiyeweza kurudisha. Mwanachama mmoja wa kikundi hiki, marehemu sasa, aliuguzwa na wenzake miezi minne. Walimfulia, wakampikia uji, wakalala naye kwa zamu. Kila mmoja alijua kwamba yule mama hatapona, na kwamba hakuna siku atakayorudisha fadhila. Walitegemea nini?

Swali hilo limewagawa wataalamu. Wapo wanaosema hakuna msaada wa bure duniani: hata anayetoa sadaka gizani anajinunulia raha ya moyo, au anaikimbia huzuni inayomsumbua anapomwona mwenzake akiteseka. Robert Cialdini wa Marekani aliitetea sana hoja ya huzuni. Upande wa pili alisimama Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyesema ipo huruma ya kweli inayomtazama mwenye shida, isiyojitazama yenyewe.

Batson na wenzake walifanya jaribio mwaka 1981. Waliwaita wasichana wa chuo, mmoja mmoja, wamtazame msichana mwingine aliyeitwa Elaine akipigwa mishtuko ya umeme katika mafunzo. Umeme ule haukuwa wa kweli, Elaine alikuwa akiigiza, lakini watazamaji hawakujua. Baadhi yao waliambiwa kwamba wakishatazama zamu mbili za kwanza wanaweza kwenda zao. Kisha waliulizwa: je, uko tayari kukaa wewe mahali pa Elaine?

Fikirini. Mlango uko wazi. Mtu anayetaka tu kuikimbia huzuni yake si atatoka nje? Basi miongoni mwa wale walioruhusiwa kuondoka, walioambiwa kwamba Elaine hafanani nao kwa mambo anayoyapenda na kuyaamini, waliojitolea walikuwa asilimia 18. Walioambiwa kwamba Elaine anafanana nao, waliojitolea walikuwa asilimia 91. Mlango ulikuwa wazi na hawakutoka.

Mimi sikuleta jambo hili ili niamue ugomvi wa maprofesa. Mgonjwa anayenyweshwa uji haulizi kwanza kama mnyweshaji ana raha moyoni. Nimelileta kwa sababu ya zile hesabu mbili, 18 na 91. Msichana alikuwa yule yule na maumivu yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji aliambiwa, "Huyu ni kama wewe."

Hapo tuna habari njema na habari ngumu. Habari njema ni kwamba huruma inaweza kukuzwa: watu wakila pamoja, wakiimba pamoja, wakivaa khanga ya sare kama leo, wanajiona kitu kimoja. Habari ngumu ni kwamba huruma inachagua. Mwanachama mchangamfu, mwenye maneno matamu, akiugua nyumba inajaa. Yule mkimya, au yule mwenye ulimi mkali, au aliyejiunga juzi, akiugua anatembelewa na paka. (Kicheko) Mnacheka, lakini mnajua ninasema kweli. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na ukiwa wa mtu usiyempenda, mbona unakuwa mwepesi zaidi?

MTOTO HAJAFUNDISHWA

Kabla sijaendelea na mambo magumu, niwape jambo la kufurahisha. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliandika habari za watoto wa miezi 18, yaani wa mwaka mmoja na nusu, waliochunguzwa huko Leipzig, Ujerumani. Mtu mzima asiyemjua mtoto alikuwa akianika nguo, kibanio kinamwanguka, anajinyoosha hakifikii. Haombi msaada. Mtoto anajikokota, anakiokota, anampa. Kati ya watoto 24, watoto 22 walisaidia angalau mara moja, na hakuna aliyewapa pipi wala kuwaambia ahsante.

Miaka miwili baadaye walifanya jaribio jingine na watoto wakubwa kidogo. Baadhi yao, kila wakisaidia, walipewa kitu cha kuchezea kama zawadi; wengine hawakupewa kitu. Baadaye zawadi zilipokoma, watoto waliozoeshwa zawadi ndio waliopunguza kusaidia. Wale wasiopewa chochote waliendelea kama kawaida.

Akina mama, hili liwekeni akilini, tutalirudia tutakapofika kwenye faini.

MTU MWEMA ANAPOKAA KIMYA

Sasa tuje kwenye swali la pili la Bi Katibu. Ikiwa huruma tumezaliwa nayo, kwa nini mtu anaachwa?

Usiku wa tarehe 13 Machi, 1964, huko New York, msichana mmoja aitwaye Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu karibu na nyumbani kwake akauawa. Gazeti la The New York Times liliandika kwamba watu 38 waliona au kusikia, wasifanye lolote. Dunia ilishtuka. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba habari ile ilitiwa chumvi: wengi hawakuona vizuri, mmoja alimpigia kelele mshambuliaji, na jirani mmoja mwanamke alishuka akampakata Kitty alipokuwa akikata roho. Hata hivyo habari ile iliwafanya wanasaikolojia wawili vijana, John Darley na Bibb Latané, wajiulize swali zuri. Je, tatizo si kwamba watu walikuwa wengi?

Wakajaribu. Mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Ghafla anamsikia mmoja wao kama ameshikwa na kifafa, anaomba msaada. Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Wale walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu waliotoka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1968.

Je, waliobaki walikuwa watu wabaya? La hasha. Wengi wao walikutwa wanatetemeka, wanauliza, "Vipi, amepona?" Kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda. Jukumu la mtu mmoja likigawanywa kwa watano, kila mmoja anabakiwa na kipande kidogo ambacho hakimsukumi kuinuka.

Mwaka 1973 Darley na Batson waliongeza jambo jingine. Waliwachukua wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, wakawaambia waende jengo la pili kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba yao ilihusu ule mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa, anaugulia. Walioambiwa kwamba wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisimama wamsaidie. Walioambiwa "umechelewa, kimbia," waliosimama ni asilimia 10. Kuifikiria hotuba ya Msamaria hakukuleta tofauti kubwa. Haraka ndiyo iliyoleta. (Kelele za mshangao) Wachungaji na masheikh wetu mtanisamehe; waliotajwa ni wa Marekani. (Kicheko)

Nawaomba sasa tujitazame. Kikundi kilianza na wanachama 17. Leo mko 46. Kitabu cha kumbukumbu cha mwaka wa kwanza kinaonyesha kwamba mwanachama alipofiwa, wote 17 walikuwa msibani kabla ya jioni, na hakukuwa na faini. Mwaka juzi, mkiwa zaidi ya arobaini, mwenzenu mmoja alilazwa hospitali siku tisa. Habari zilisomwa kikaoni, watu wakasema "maskini, pole yake," kikao kikafungwa. Siku zote tisa aliletewa chakula na jirani yake ambaye hata si mwanachama. Aliporudi aliuliza swali moja tu: "Hamkuambiwa?" Mliambiwa. Mliambiwa wote kwa pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Baada ya tukio hilo ndipo hoja ya faini ilipozaliwa. Walioileta wana uchungu, na uchungu wao ni wa haki. Lakini wanadhani ugonjwa ni roho mbaya. Mimi ninadhani ugonjwa ni wingi wa watu na haraka ya maisha, na dawa ya ugonjwa huo ni nyingine.

FAINI NA BEI

Huko Haifa, Israeli, mwaka 1998, wataalamu wa uchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi wengine walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni, mwalimu anabaki anasubiri. Katika vituo sita ikawekwa faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Mnadhani ilikuwaje? (Sauti: Waliwahi!) Hapana. Wachelewaji waliongezeka mpaka wakawa karibu mara mbili. Na faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini kama zamani.

Kwa nini? Kabla ya faini mzazi aliona haya. Alijua mwalimu ni mtu mwenye watoto wake, anamtesa. Faini ilipokuja ikawa bei. Mzazi akasema, kumbe kuchelewa kunauzwa, tena rahisi, basi nanunua. Haya ilipokwisha kuuzwa haikurudi tena.

Mapema zaidi, mwaka 1970, Richard Titmuss wa Uingereza aliandika kitabu kizima akilinganisha nchi yake, ambako damu ya hospitali hutolewa bure, na Marekani, ambako wakati ule nyingi ilinunuliwa. Alionya kwamba fedha ikiingia katika jambo la hisani inaweza kuifukuza hisani yenyewe. Tukumbuke pia wale watoto wa Leipzig na zawadi zao.

Sasa piga picha ya faini yetu ya shilingi 5,000. Mama mwenye banda zuri sokoni, siku ya soko anauza vizuri, akipata habari ya msiba atapiga hesabu: nikienda napoteza zaidi ya elfu tano. Atatuma faini, dhamiri yake imetulia, kwani amelipa. Mama anayeuza maandazi mlangoni kwake hana elfu tano. Atakwenda, lakini atakwenda kwa hofu, aandikwe jina, aondoke. Na mfiwa atajua. Mfiwa hutambua nani amekuja kumlilia na nani amekuja kusaini. (Makofi marefu)

Sisemi faini zote ni mbaya. Faini ya kuchelewa kikaoni na faini ya kuchelewesha marejesho mlikubaliana siku mnatunga katiba, na hayo ni mambo ya fedha na ya muda, yana bei. Machozi hayana bei.

MADENI NA KITOVU

Nimalizie na hoja ya Mfuko wa Jamii. Hapa walimu wangu si Wazungu, ni jirani zetu Wamasai.

Mtaalamu wa anthropolojia Lee Cronk, aliyeishi na watu wasemao Kimaa huko Kenya, aliandika kwamba wao wana maneno mawili yanayotofautisha mambo mawili. Kuna *esile*, yaani deni: nimekukopesha, utanilipa, tunahesabu. Na kuna *osotua*. Maana yake ya asili ni kamba ya kitovu, ile inayomfunga mtoto na mama. Watu wawili wakiwa na *osotua* kati yao, mmoja huomba pale tu anapokuwa na shida ya kweli, na huomba kiasi kinachotosha shida ile, basi. Mwenzake hutoa, mradi yeye mwenyewe asiangamie. Hakuna anayehesabu nani ametoa mara ngapi. Mtu anaweza kutoa maisha yake yote asirudishiwe, na uhusiano uko pale pale, na watoto wanaurithi.

Katika nchi kavu ambako ukame au ugonjwa unaweza kumaliza ng'ombe wa mtu mmoja na kumwacha jirani yake salama, utaratibu huo ndio bima yao. Ukiwatoza waliofilisika riba, hawatainuka.

Akina mama, ndani ya sanduku lenu mna mifuko miwili. Mfuko wa mikopo ni *esile*: una riba, una tarehe, una wadhamini, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mkopo unaenda kuzaa. Mfuko wa Jamii ni *osotua*: unaenda mahali pa msiba, pa mgonjwa, pa nyumba iliyoungua. Hauzai fedha. Kazi yake ni kuzuia mtu asiuze cherehani yake kwa sababu ya mazishi. Mkiuunganisha na mikopo, siku ya msiba mfiwa atakuta fedha iko mikononi mwa wakopaji, na mtampa nini? Mtamwandikia mkopo wa sanda?

Fedha ile mnayoiona imelala, ndugu zangu, hailali. Inalinda. Mlinzi wa usiku akikaa mpaka asubuhi bila mwizi kuja, hamsemi kwamba amelala bure. (Vigelegele, makofi)

YA KUFANYA

Msije mkasema Mwalimu amebomoa hoja akaondoka. Nina mapendekezo matano, yote hayagharimu shilingi.

Kwanza, gaweni wanachama 46 katika makundi madogo ya watu watano watano, au sita, kwa kufuata majirani. Likitokea jambo, kundi la mhusika ndilo linaloanza kwenda, siku hiyo hiyo. Mtu aliye mmoja kati ya 46 atasubiri. Mtu aliye mmoja kati ya watano atainuka.

Pili, Mwenyekiti asitangaze tena kikaoni kwamba "mwenzetu anaumwa, tumwombee" ikaishia hapo. Ataje jina. "Mama fulani, wewe kesho peleka chakula cha mchana. Wewe fulani, kesho kutwa." Jukumu lililotajwa kwa jina halina mahali pa kujificha.

Tatu, majina hayo yapangwe kwa zamu, ili mwanachama asiyependwa atembelewe sawasawa na anayependwa. Huruma inachagua, zamu haichagui. Tena nimeona mara nyingi kwamba aliyekwenda kwa zamu anarudi kwa mapenzi, maana ukishaingia nyumbani kwa mtu ukamwona na watoto wake, unagundua kwamba anafanana nawe.

Nne, mwenye shida aseme. Ule utaratibu wa Kimasai haufanyi kazi kwa mtu anayeficha. Mficha uchi hazai. Na sisi tunaoombwa tusimfanye mwombaji ajute. Mambo ya mgonjwa yabaki kwa mgonjwa, yasisikike bombani.

Tano, angalieni wale wanaotoa kila siku. Katika kila kikundi wapo watatu au wanne ambao wakisikia tu wameshaondoka na sufuria. Ninyi mnawajua. Watu hao huchoka kimyakimya, na siku wakianguka hakuna anayekumbuka kuwauliza. Nao wawemo katika zamu ya kuhudumiwa.

Mtaniuliza, Mwalimu, pamoja na yote hayo, mtoaji anapata nini? Lipo jibu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake huko Canada waliwapa watu fedha asubuhi, dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wajitumie, wengine wawatumie watu. Jioni waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na haikujalisha kama ni dola 5 au 20. Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walionyesha kwamba hata Uganda, jirani zetu, ambako fedha ni ngumu kuliko Canada, mtu anayekumbuka siku aliyotumia fedha kwa ajili ya mwingine hufurahi kuliko anayekumbuka siku aliyojinunulia mwenyewe. Wazee wetu walilisema hilo kabla: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, Mama Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita watu waliwaambia akina mama hawa kwamba wanawake hawawezi kutunza fedha bila kugombana. Fedha mmetunza, na vitabu vyenu leo Diwani ameviona. Sasa mnaingia miaka kumi ya pili mkiwa wengi na mkiwa na mali, na kikundi kikubwa chenye mali ndicho kinachoweza kumsahau mtu wodini siku tisa. Mwezi ujao, kabla hamjanyoosha mikono kupiga kura, kila mmoja ajiulize: nikiwa mimi ndiye niliyelazwa, ningependa aje mtu aliyeogopa faini, au aje mtu aliyetajwa jina lake?

Nawatakia mkutano mwema na miaka kumi mingine yenye baraka. Chakula naona kimeiva, harufu inatuita, na mimi sitaki kuwa sababu ya wali kuungua. (Kicheko)

(Makofi, vigelegele na nderemo)